Cheo ni Dhamana: Maana ya Uteuzi na Matumizi Yake Kisheria, kwa Mfano wa Historia ya Singida

Neno uteuzi tunalisikia karibu kila wiki. Hutangazwa redioni kwamba fulani ameteuliwa kuwa mkuu wa mkoa, na fulani uteuzi wake umetenguliwa. Jamaa hupongezana, wengine hunung'unika, na baada ya siku chache habari husahaulika. Lakini tukimwuliza kada au mwanafunzi wetu aeleze kuteua ni kitendo gani, kina uzito gani katika sheria na kina mipaka gani, mara nyingi jibu litakuwa fupi: "Ni mamlaka ya mkubwa." Jibu hilo halitoshi, na lina hatari ndani yake. Ndilo jibu ambalo mkoloni alitaka babu zetu waliamini.

Katika makala haya tunalichunguza jambo hili kwa kuitazama historia ya Singida. Tumeuchagua mkoa huo kwa sababu sehemu zake kubwa hazikuwa na mtawala mmoja kabla ya ukoloni. Kwa hiyo, huko tunaona waziwazi uteuzi ulivyoingia, ulimfaa nani, na Uhuru uliubadilisha vipi. Hoja yetu ni moja. Uteuzi wenyewe si dhambi wala si baraka. Unapimwa kwa kuuliza mteule anawajibika kwa nani, na kwa sheria gani.

Maana ya kuteua

Kuteua ni kumpa mtu madaraka ya nafasi fulani kwa uamuzi wa mwenye mamlaka ya kufanya hivyo. Kuchagua, kwa maana ya siasa, ni wananchi au wanachama wenyewe kumpa mtu madaraka hayo kwa kura. Kuajiri ni kufunga mkataba wa kazi na ujira. Kukaimisha ni kumshikisha mtu nafasi kwa muda mpaka mwenyewe apatikane. Mambo haya manne yanafanana kwa nje, lakini kisheria hayalingani. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa. Mtendaji wa kijiji huajiriwa na halmashauri. Mkuu wa wilaya huteuliwa. Anayekaimu nafasi hajawa mwenye nafasi.

Ili uteuzi uwe halali ni lazima maswali matano yajibiwe. Nani ameteua? Ameteua kwa sheria ipi? Mteule amepewa kazi gani? Mipaka ya madaraka yake iko wapi? Na anaondolewaje akishindwa au akikosa? Swali moja likikosa jibu, mbele yetu hapana kiongozi bali pana mtu mwenye nguvu tu. Tutayatumia maswali haya kupima kila kipindi cha historia.

Kabla ya boma

Wanyaturu, yaani Wahi, Wirwana na Wanyamunyinganyi, hawakuwa na mtemi mmoja aliyewatawala wote. Mambo ya ardhi, mifugo, ndoa na ugomvi yaliamuliwa na wazee wa koo wakiwa wamekaa pamoja. Mwenye ng'ombe wengi alisikilizwa zaidi, na mwenye elimu ya mvua aliheshimiwa, lakini hakuna aliyeweza kumtuma mtu kwenda kuwatawala watu wa ukoo mwingine. Upande wa Manyoni, Wagogo walikuwa na watemi. Hata hivyo, mtemi wa Kigogo alikuwa hasa mwenye mawe ya mvua na mlinzi wa mila za eneo lake. Hakuwa mfalme mwenye askari na hazina.

Tusiipambe hali hiyo kupita kiasi. Wanawake na vijana hawakuwa na sauti sawa na wazee, na mwenye mifugo mingi alimzidi maskini. Hata hivyo kulikuwa na jambo moja la msingi: aliyeongoza aliishi katikati ya wale aliowaongoza, na heshima yake ilitoka kwao. Wakiacha kumsikiliza, uongozi wake ulikwisha siku hiyo hiyo.

Jumbe wa Mjerumani

Wajerumani walipofika walijenga maboma, na katika sehemu hizi tunayajua ya Kilimatinde na Mkalama. Mwaka 1897 serikali yao ilitangaza kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilihitaji mtu wa kuzihesabu tembe, wa kuwataja wenye tembe, na wa kuwapeleka mbele ya askari wasiolipa. Baraza la wazee haliwezi kufanya kazi ya namna hiyo, kwa sababu baraza hujadiliana. Mjerumani alihitaji jina moja la kuandika katika daftari lake. Ndipo wakateuliwa majumbe, na mahali pengine wakawekwa maakida juu yao.

Hebu tumpime jumbe kwa maswali yetu matano. Ameteuliwa na nani? Na ofisa wa boma. Kwa sheria ipi? Kwa amri ya mtawala, ambayo mwananchi hakuijua wala hakuulizwa. Kazi yake ni kodi na vibarua. Mipaka yake ni hasira ya bwana mkubwa. Kuondolewa kwake ni siku bwana mkubwa anapochoka naye. Mwananchi hatajwi mahali popote katika majibu haya, isipokuwa kama mtu wa kulipa na kupigwa.

Kinyume chake, masimulizi ya Unyaturu yanamtaja Liti Kidanka, mwanamke aliyewaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye husemwa kwamba alitumia nyuki kama silaha. Jina lake leo limepewa uwanja wa mpira wa mjini Singida. Hakuna boma lililomteua Liti. Watu ndio waliomfuata. Majumbe wengi wa wakati ule majina yao yamefifia, lakini la Liti linatajwa hata na watoto. Hapo tunaona tofauti ya cheo na uongozi.

Mtemi wa karatasi ya Gavana

Waingereza waliuteka ukanda huu mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza. Miaka kumi baadaye, chini ya Gavana Donald Cameron, ilitungwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926. Siasa yake iliitwa kutawala kwa kupitia wenyeji. Walisema kwamba wanaheshimu mila zetu. Lakini mahali ambapo mila haikuwa na mtemi, ilibidi mtemi apatikane, kwa kuwa sheria ilimtaka awepo. Hivyo mila ikatengenezwa ofisini, ikagongwa mhuri, halafu wananchi wakaambiwa kwamba hiyo ndiyo asili yao.

Jambo la kutazamwa sana hapa ni mshahara. Zamani mtemi, mahali alipokuwapo, aliletewa nafaka na mifugo na watu wake, na wakati wa njaa alitazamiwa kuwagawia. Waingereza walikusanya michango hiyo ndani ya kodi, wakaanzisha hazina za wenyeji, na mtemi akaanza kulipwa mshahara kutoka humo kwa usimamizi wa Bwana Shauri. Tangu siku hiyo mtemi hakuwa na sababu ya kuogopa ghala la mwananchi kuwa tupu. Alikuwa na sababu ya kuogopa daftari la kodi kuwa tupu. Mtu huelekeza macho kule riziki yake inakotoka.

Zaidi ya hayo, mtemi huyo aliunganishwa na kazi ambazo hazifai kukaa katika mkono mmoja. Alitoa amri, alikusanya kodi, na katika baraza lake alimhukumu yule yule aliyevunja amri yake mwenyewe. Mwananchi aliyeonewa akate rufani kwa nani? Kwa Bwana Shauri, ambaye ndiye aliyependekeza mtemi awekwe.

Ni vizuri makada wetu wajue kwamba Waingereza hawa walikwisha kuona ubaya wa vyeo vya upendeleo huko kwao. Mwaka 1855 Uingereza iliunda Tume ya Utumishi ili kuzuia watoto wa wakubwa kugawiana kazi za serikali, na mwaka 1870 iliweka mitihani ya ushindani kwa nafasi nyingi. Kwao waliweka kipimo cha uwezo. Kwetu waliweka kipimo cha utii. Haikuwa kwa bahati mbaya. Dola ya kikoloni haikuhitaji mteule mwenye uwezo wa kuwatumikia watu, ilihitaji mteule mwenye uwezo wa kuwanyamazisha.

Uhuru na mabadiliko ya 1962 na 1963

TANU ilipopata madaraka ilikuta mashine hiyo ikiwa inafanya kazi. Kubadilisha bendera bila kubadilisha mashine kungekuwa ni kuwaachia wananchi ukoloni wenye sura nyeusi. Kwa hiyo mwaka 1962 makamishna wa kikoloni waliondolewa katika majimbo na wilaya, na mahali pao wakateuliwa wanasiasa. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa na nafasi hizo zikakoma kuwa sehemu ya serikali. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyozitoa kesi katika mabaraza ya machifu na kuziweka mbele ya mahakimu. Majimbo yakagawanywa kuwa mikoa 17, na Singida, ambayo ilikuwa wilaya katika Jimbo la Kati, ikawa mkoa.

Hayo yalikuwa mapinduzi ya kweli, ingawa hayakumwaga damu. Yalitenganisha mkono unaotoa amri na mkono unaohukumu. Yalisema kwamba hakuna mtu Singida mwenye haki ya kutawala kwa sababu ya damu yake au kwa sababu babu yake alipendwa na boma.

Lakini makada wasijidanganye. Mkuu wa mkoa mpya na mkuu wa wilaya mpya nao waliteuliwa, hawakupigiwa kura. Basi tofauti yao na mtemi wa Gavana ilikuwa nini? Jibu la wakati ule lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, aliyewateua mwenyewe alichaguliwa na wananchi. Mamlaka yao yalikuwa na chimbuko katika kura, hata kama yalipita katika mkono wa Rais. Pili, walikuwa pia makatibu wa Chama katika maeneo yao, na kwa njia hiyo walitakiwa kusikia sauti ya wanachama kabla ya kutoa amri za serikali.

Jibu hilo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa na udhaifu. Mtu mmoja akiwa sauti ya Serikali na papo hapo sikio la Chama, ni rahisi sauti ikawa kubwa na sikio likaziba. Viongozi wetu waliliona hilo mapema. Katiba ya Muda ya 1965 ilileta Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 na kuzunguka mikoani kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka, wa Serikali na wa Chama. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika makampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi.

Mafunzo ya miaka ya 1970

Miaka iliyofuata ilithibitisha kwamba onyo hilo lilihitajika. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilivunjwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Lakini yaliyosogea karibu zaidi yalikuwa madaraka ya wateule. Wakurugenzi wa maendeleo walitoka juu wakiwa na mipango na fedha, na wananchi wakabaki wakisubiri maelekezo. Kuelekea mwisho wa muongo huo hata vijiji vilianza kuletewa mameneja kutoka serikalini. Wengi wao walikuwa vijana wenye bidii. Hata hivyo mwanakijiji alijiuliza: ikiwa tumechagua mwenyekiti na halmashauri, huyu meneja anajibu kwetu au anajibu wilayani?

Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kuzirudisha serikali za mitaa, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena. Chama hakikuona haya kusahihisha. Funzo lililobaki ni kwamba mteule hawezi kuchukua nafasi ya baraza lililochaguliwa, hata akiwa mwaminifu na msomi. Anaweza kulisaidia, kulishauri na kulisimamia kwa mujibu wa sheria. Akilifuta, ameurudisha ujumbe.

Funzo la pili lilitoka kwa majirani wa Singida upande wa kaskazini. Katikati ya miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa wauaji waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao walikufa. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Lakini maofisa walikuwa chini ya wizara yake, naye alikubali kwamba dhamana ya cheo ni pamoja na matendo ya wale waliofanya kazi kwa jina lake. Hatua hiyo haikumwangusha katika macho ya umma. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tukio hili linastahili kufundishwa katika kila darasa la itikadi, kwa maana linaonyesha kwamba kuwajibika si aibu ya kiongozi. Aibu ni kung'ang'ania.

Sheria inavyosema leo

Sasa tuyarudie maswali yetu matano kwa hali ya leo.

Nani anateua, na kwa sheria ipi? Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika Ibara ya 36, inampa Rais madaraka ya kuanzisha nafasi za madaraka katika utumishi wa Serikali na kuteua watu wa nafasi za juu. Watumishi wengine hupatikana kupitia vyombo vilivyowekwa kwa mujibu wa sheria. Kwa mkuu wa mkoa, Ibara ya 61 inasema Rais atamteua baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Waziri Mkuu mwenyewe huteuliwa na Rais, lakini uteuzi wake ni lazima uthibitishwe na Bunge. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Tunaona basi kwamba hata mwenye mamlaka makubwa kabisa ya kuteua haambiwi ateue apendavyo tu. Mahali pengine anaambiwa ashauriane, mahali pengine asubiri kuthibitishiwa, na kila mahali afuate Katiba.

Anaondolewaje? Hapa nafasi hazilingani, na makada huchanganya sana. Mkuu wa mkoa au wa wilaya anaweza kutenguliwa na aliyemteua wakati wowote, kwa kuwa kazi yake ni kutekeleza siasa ya Serikali iliyopo. Jaji hatenguliwi hivyo. Ni lazima tume maalumu imchunguze kwanza, kwa kuwa kazi yake ni kutoa haki hata dhidi ya Serikali. Jaji akiogopa kutenguliwa, tumerudi kwenye baraza la mtemi wa Gavana.

Mipaka iko wapi? Chukua mfano mmoja ambao wananchi wa Singida, kama wa mikoa mingine, huukuta. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya madaraka ya kuamuru mtu awekwe kizuizini kwa muda usiozidi saa 48. Wapo wateule wanaosoma mstari huo mmoja na kufunga kitabu. Wangeendelea kusoma wangeona kwamba madaraka hayo ni ya pale tu ambapo mtu anaelekea kuvunja amani na hakuna njia nyingine ya kumzuia. Kwamba sababu ziandikwe. Kwamba mtu huyo afikishwe kwa hakimu, la sivyo aachiwe. Na kwamba kiongozi anayetumia vibaya madaraka hayo anaweza kushtakiwa. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtumishi aliyechelewa mkutanoni, wala kwa mwanakijiji aliyeuliza swali gumu mbele ya wageni. Mteule anayemweka mtu ndani kwa sababu ya swali hatumii sheria. Anatumia kiboko cha jumbe akiwa amevaa suti.

Mfano mwingine uko kijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Mtendaji hana ardhi ya kugawa, wala afisa yeyote kutoka wilayani. Mwananchi wa Ikungi, wa Mkalama au wa Itigi anayelijua hilo hawezi kudanganywa kwa barua yenye mhuri.

Na je, mteule anawajibika vipi kwa tabia? Masharti ya Azimio la Arusha yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka 1995 ilitungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi nayo ilirithiwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Vyombo hivi vipo. Lakini kutamka mali kwenye fomu si sawa na kukatazwa kujilimbikizia mali. Makada wanapaswa kulijadili jambo hili bila woga: tulipoondoa masharti makali, tuliweka nini cha kutosha mahali pake?

Kazi iliyo mbele yetu

Wafanyakazi wa Paris mwaka 1871 waliamua kwamba viongozi wao wachaguliwe, walipwe ujira wa mfanyakazi, na waweze kuondolewa wakati wowote. Serikali yao ilidumu miezi miwili tu. Nchi kubwa haiwezi kuendeshwa kwa kupigia kura kila ofisa, na sisi hatupendekezi hivyo. Mhandisi, mganga mkuu na mkaguzi wa hesabu huhitaji ujuzi, na ujuzi haupigiwi kura. Lakini moyo wa fikra ile unabaki kuwa sahihi: madaraka ni mali ya umma, na aliyekopeshwa mali ya umma hudaiwa.

Kwa hiyo, tunatoa wito kwa makada na wanafunzi wetu kufanya mambo matatu. La kwanza, wajifunze sheria inayounda kila nafasi katika maeneo yao, kuanzia mtendaji wa kijiji hadi mkuu wa mkoa, na wawafundishe wananchi katika mikutano ya matawi. La pili, waache tabia ya kumpokea mteule kama mfalme. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mteule apokewe kwa heshima, apewe taarifa ya matatizo, na baada ya muda aulizwe amefanya nini. La tatu, kada anayeteuliwa mwenyewe aisome barua yake ya uteuzi kama hati ya deni.

Tunarudia kwamba jumbe wa Mjerumani, mtemi wa Gavana na mkuu wa wilaya wa leo wote ni wateule. Jina la uteuzi ni lile lile. Kinachowatenganisha ni Katiba juu yao, mabaraza yaliyochaguliwa pembeni yao, na wananchi wanaojua haki zao mbele yao. Ondoa vitu hivyo vitatu, na mteule wa leo atabaki jumbe tu, hata akiapa kwa Katiba na kupepea bendera ya taifa huru. Kuvilinda ni kazi ya Chama, na Chama ni sisi.